Feni ya Kadi ya Grafiki Imegoma: Soma Kibandiko Kabla ya Kuagiza

DADA: Karibuni, mlioko Mbeya, Iringa, Njombe na popote mlipojifunika blanketi. Leo ni feni za kadi ya grafiki, ile inayotengeneza picha za skrini. Kaka, nianze na ule usemi wa huku kwetu: "Mbeya baridi, kompyuta itajipoza yenyewe."

KAKA: Haijipozi, dada. Tupo mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani asilimia 15. Feni inazunguka vilevile, ila hewa inayoisukuma ni haba, kwa hiyo inabeba joto kidogo. Baridi ya Juni inafidia. Mchana wa Oktoba, pamoja na lile vumbi, haifidii kitu.

DADA: Lakini tusitangaze msiba mapema. Kadi nyingi za miaka hii husimamisha feni zenyewe zikiwa chini ya nyuzi 50 au 60. Mtu anafungua kasha, anaona feni zimetulia, anakimbilia kuagiza.

KAKA: Fungua MSI Afterburner, programu ya kusimamia kadi, toa feni kwenye otomatiki, zipeleke asilimia 60, kisha tazama kwa macho. Namba ya mizunguko usiiamini peke yake. Kadi nyingi zenye feni mbili husoma mizunguko ya feni moja tu. Ya pili inaweza kuwa imesimama na skrini inakwambia mambo safi.

DADA: Iliyogoma, zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, izungushe kwa kidole. Ikiwa nzito au inakwaruza, beringi imekauka. Ikizunguka laini lakini haigeuki umeme ukiwashwa, shuku mota, waya au kadi yenyewe.

KAKA: Na kama kila feni ina plagi yake, zibadilishane soketi. Tatizo likihama na feni, nunua feni. Likibaki kwenye soketi ileile, feni mpya haitakusaidia; hiyo ni kazi ya fundi wa kulehemu bodi.

DADA: Watu watauliza mafuta.

KAKA: Tone moja la mafuta ya cherehani chini ya kibandiko cha katikati, kama feni inafunguka hapo. Itasukuma siku. Zile dawa za kupuliza za kulegeza kutu achana nazo. Zinakausha kilainishi kilichobaki, halafu kelele inarudi kubwa zaidi. Beringi iliyokwishalika haiponi kwa mafuta.

DADA: Sasa tufike panapopoteza pesa za watu: kuagiza. Mtu anapiga simu Kariakoo, anataja jina la kadi, basi. Mzigo unakuja na gari la usiku, asubuhi haukai. Kadi yenye jina lilelile inaweza kutoka na feni tofauti kulingana na toleo.

KAKA: Soma mgongo wa feni. Mfano, ukikuta PLD10010S12HH, volti 12, ampia 0.40. Namba inakufanya udhani ni milimita 100, lakini pangaboi lake ni kama milimita 95. Kwa hiyo andika namba yote, halafu pima mwenyewe kwa rula: upana wa pangaboi, umbali kati ya matundu ya skrubu, urefu wa waya. Tofauti ya milimita 2 kwenye matundu inatosha kukukwamisha.

DADA: Na idadi ya pini. Plagi hizi ni ndogo, nafasi kati ya pini na pini mara nyingi ni milimita 2, si zile za feni ya kasha. Nne maana yake umeme, hasi, taarifa ya mizunguko na amri ya kasi. Rangi za waya usizitegemee, kila kiwanda kina zake.

KAKA: Kadi ya feni tatu, piga picha kabla ya kufungua. Kwenye baadhi, ya katikati inazunguka kinyume na wenzake na mapanga yake yamegeuzwa. Ukiichanganya na ya pembeni, hewa zinagongana. Na ukiagiza, chagua beringi mbili za gololi kama zipo. Kwenye vumbi letu zinadumu kuliko za bushi.

DADA: Kufungua?

KAKA: Bonyeza kitufe cha kuwasha umeme ukiwa umeshachomolewa, ili chaji iliyobaki iishe. Toa plagi za umeme za kadi, skrubu ya nyuma ya kasha, sukuma kufuli dogo la sloti, vuta kadi ikiwa imenyooka. Baadhi ya kadi, feni inatoka kwa skrubu chache za mbele bila kugusa hitisinki, lile chuma la kupozea chipu. Hizo ndizo nazipenda. Nyingine lazima uvue hitisinki, na hapo kazi inabadilika sura.

DADA: Na asubuhi za Njombe, pesti iliyozeeka, ile ya kupitisha joto kati ya chipu na hitisinki, inakuwa ngumu kama gundi. Washa kompyuta, ipe kazi dakika 5, zima, chomoa, kisha fungua kadi ingali vuguvugu. Skrubu 4 zenye springi kuzunguka chipu, legeza kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja. Usivute juu kwa nguvu. Pindisha kidogo kushoto na kulia mpaka iachie. Kuna waya wa feni bado umeshika bodi.

KAKA: Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Pesti mpya ipake safu nyembamba ifunike chipu yote, maana chipu hii haina kofia kama prosesa. Pedi laini za kupitisha joto kwenye chipu za kumbukumbu zikichanika, weka za unene uleule. Watu wanapokosa ya milimita 1 wanaweka ya 2, hitisinki inanyanyuka juu ya chipu, na kadi inachemka kuliko ilipokuwa na feni mbovu.

DADA: Feni ikichelewa kufika?

KAKA: Vua feni na kava la plastiki, funga feni mbili za kasha za milimita 92 juu ya hitisinki kwa kamba za plastiki, uzichomeke kwenye mazabodi, bodi kuu ya kompyuta. Ila mazabodi haijui joto la kadi, hivyo ziweke asilimia 70 zisibadilike.

DADA: Ukimaliza, endesha FurMark, programu ya kuipa kadi kazi nzito, dakika 10. Joto la kawaida la chipu likiwa nyuzi 72 na sehemu yake ya moto zaidi ikasoma 105, hitisinki haijakaa, rudi kwenye zile skrubu 4. Na kabla ya kufunga kasha, sikiliza tiki-tiki: mara nyingi ni waya umegusa pangaboi.