Ndoo ya Kwanza ni ya Kudekia

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uhandisi wanaojiandaa kwenda kujitolea katika shule za misheni nje ya nchi)

Bwana asifiwe. Asanteni, kaeni.

Nianze na mtu wa fani yetu. Alexander Mackay alizaliwa Uskoti mwaka 1849, akasomea uhandisi Edinburgh, akachora mitambo Berlin. Mwaka 1876 alishuka Unguja na wamisionari wenzake, safari ya Uganda. Mwaka uliofuata akasimamia kufyekwa kwa njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kama kilomita 370. Njia ilipatikana. Ng'ombe wakafa, maana mbung'o hakuhusishwa kwenye mchoro. Alipofika Kageye, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1878, akakuta shehena ya msafara imerundikwa, vyuma vimeshika kutu, na wenzake wawili wameshauawa Ukerewe.

Sasa fikirini: mhandisi, mitambo imeoza, na ndiyo kwanza anaingia kazini. Katika baraza la Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kilichomsaidia mapema kilikuwa Kiswahili. Alisoma Injili iliyotafsiriwa Unguja na Askofu Steere, kwa sababu Kabaka na wakuu wake wengi walikielewa. Baadaye, kule Natete, alichimba kisima akafunga pampu, watu wakaja kushangaa maji yanayopanda juu. Akachonga herufi za kuchapia kwa mkono wake, akachapa karatasi za kusomea, vijana wakajifunza a-e-i-o-u huku wakisikia nyundo ya uhunzi. Waumini wale wa mwanzo waliitwa wasomaji. Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa aliyemrithi, alimfukuza mwaka 1887. Akahamia Usambiro, upande wetu wa ziwa, Tanzania ya leo, akafa kwa homa Februari 1890. Miaka 14 hakurudi kwao hata mara moja.

Mimi sikukaa miaka 14. Nilikaa mitatu, katika shule ya bweni ya kanisa huko mashariki mwa Zambia, wanafunzi 300, lami iko mbali. Lugha ni Kinyanja. Maji wanaita *madzi*, na siku ya kwanza nilijiona nimeshaijua lugha. Siku ya pili nilinyamaza.

Tatizo lao lilikuwa kisima kirefu chenye pampu ya mkono. Maji mekundu. Mashati meupe ya wanafunzi yalikuwa na rangi ya chai, na ugali ulitoka mweusi. Wasichana walikuwa wanakwenda mtoni alfajiri kabla ya masomo. Nikaja na vifaa vyangu, nikapima, nikatangaza mbele ya wazee wa kanisa kwamba mwamba wa pale una madini ya chuma. Nikachora chujio la kokoto na mchanga. Tukalijenga wiki tatu kwa sadaka ya watu ambao wengine walitoa mahindi.

Mpishi wa shule, mama mmoja mtu mzima, alikuwa anatuangalia tu. Siku moja akaniambia, "Injiniya, ndoo ya kwanza ni ya kudekia. Ya kumi na tano ndiyo ya uji." Nikacheka kwa adabu. Nilidhani ni mila.

Mnaona alichokuwa ananieleza? Madini yakiwa kwenye mwamba, ndoo ya kwanza na ya mia zitafanana wekundu. Maji yakitakata kadiri unavyopampu, basi uchafu unazaliwa ndani ya kisima, usiku, maji yakiwa yamelala juu ya chuma cha mabomba. Kipimo hicho kimo kwenye vitabu vyetu. Yeye alikuwa anakifanya kila asubuhi, miaka, bila kulipwa posho ya utafiti.

Tukang'oa mabomba, vipande 13 vya mita tatu tatu, wanaume sita wakishikilia wasije wakayaangusha shimoni. Yale ya chini yalikuwa yametoboka, kidole kinapita. Maji ya eneo lile yana tindikali; yanaila zinki iliyopakwa juu ya bomba, kisha yanakula chuma chenyewe. Tulibadilisha kwa mabomba ya chuma kisichoshika kutu, ghali sana, na fedha nyingi ilikuwa imeshazikwa kwenye chujio langu. Lile chujio sasa ni banda la kuku. Kuku wanalipenda.

Kazi iliyokwenda vizuri siielezi sana. Bweni lilikuwa na paa la mita za mraba 240. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa milimita 900 kwa mwaka, ukitoa moja ya tano inayopotea, unapata kama lita 173,000. Kwa lita tano kwa mwanafunzi kwa siku, hizo ni siku 115 hivi. Hesabu hii niliifanya ubaoni na kidato cha pili, na binti mmoja akaniuliza tanki kubwa hivyo litajengwa na nani. Tukajenga dogo.

Kabla sijaondoka tulifungua na kufunga ile pampu mara nne. Mara ya kwanza nilishika spana mimi. Mara ya nne nilikaa chini ya mwembe, nimekatazwa kusogea, wasichana wanne wakabadilisha mipira ya pistoni huku mpishi akiwasomea orodha ya vipuri. Sanduku la spana lina kufuli. Ufunguo anao yeye, ameufunga kwenye pindo la kitenge.

Haya, maswali.