Nani Atatia Saini?

Mwenyekiti, walimu wetu, wazazi, na nyinyi vijana mnaohitimu, hamjambo?

Nimepewa dakika ishirini nizungumzie kufanikiwa maishani. Mada ya mhubiri hiyo, nami si mhubiri. Kazi yangu ilikuwa uhasibu, hapahapa Nairobi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya kwenye vyama vya akiba na mikopo, yaani sacco. Basi nitasema kama mhasibu mstaafu. Anayetaka mahubiri asubiri Jumapili.

Hapa mjini tunajua dalili za mtu aliyeomoka. Ana gari kubwa, ana ploti Kitengela au Ruiru, na ikifika Desemba anaingia kijijini kwao vumbi likitimka, watoto wakikimbia nyuma. Sina ugomvi na gari. Gari ni raha, hasa kwa aliyewahi kusubiri matatu Muthurwa saa moja jioni mvua ikinyesha. Ila mhasibu akiliona gari huuliza swali moja la kuudhi: logbuku, ile hati ya umiliki wa gari, iko wapi? Mara nyingi gari limeenda Kakamega, logbuku imebaki Westlands kwa aliyekopesha. Na kila mwaka thamani ya gari inashuka, riba nayo inaendelea kudaiwa. Kule kijijini wanaona upande mmoja tu wa kitabu, ule wa mali. Upande wa madeni yeye mwenyewe huufungua usiku, kwenye simu.

Ngoja niwaeleze jinsi mkopo wa sacco unavyofanya kazi, maana wengine hapa mtajiunga mkianza kazi. Sacco nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake. Una shilingi 100,000, unaruhusiwa kuomba 300,000. Sasa zile 200,000 zinatoka wapi? Ni akiba za wenzako. Ndiyo maana unapewa fomu na kuambiwa tafuta wadhamini. Kila anayetia saini anasema hivi: huyu akishindwa kulipa, kateni akiba yangu.

Fomu hiyo imenifundisha mambo ambayo sikufundishwa na mtu. Nimemwona mkubwa wa idara, suti safi, gari limeegeshwa chini, akizunguka na fomu kutoka ghorofa hadi ghorofa. Kila anayemfikia ghafla amekwisha kudhamini watu wengi mno. Mwingine anakumbuka ana mkutano. Na nimemwona tarishi, mtu wa kubeba barua na kuchemsha chai, akiitoa fomu asubuhi, na kufikia chakula cha mchana nafasi zote zimejaa, mpaka mtu mmoja analalamika mbona hakuambiwa naye atie saini.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Mtu amefanikiwa ikiwa wale wanaomjua kwa karibu, wanaojua mshahara wake, hasira zake na jinsi anavyolipa deni la mia mbili, wako tayari kuweka jasho lao nyuma ya jina lake. Angalieni, sikusema wanaomsifu. Sifa haikatwi kwenye akiba ya mtu.

Sasa msitoke hapa mkasema mzee kadai pesa si kitu. Pesa ni kitu. Kodi ya nyumba, karo na bili ya hospitali havilipwi kwa tabia njema. Aliyezoea kusema pesa si kitu aulizwe mara ya mwisho alipofungiwa mlango na mwenye nyumba ilikuwa lini. Umaskini haumpi mtu heshima yoyote, tuendelee.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba tunafunga hesabu za watu mapema mno. Mwaka 1982 mama mmoja aliacha kazi yake ya kufundisha chuo kikuu ili agombee ubunge Nyeri. Akazuiwa kugombea kwa sababu ya usajili wake wa kura. Akarudi kuomba kazi yake, akakataliwa. Nyumba aliyokuwa akiishi ilikuwa ya chuo, ikambidi ahame. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, na alikuwa na watoto watatu. Kwa kipimo chetu cha Desemba, huyo amekwisha: hana kazi, hana nyumba, hana mume. Na huyo ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu, mwaka 1971.

Mmeshamjua, ni Wangari Maathai. Harakati yake ya kupanda miti, Mkanda wa Kijani, ilikuwa na umri wa miaka mitano tu wakati huo. Mwaka 1989 akasimama mbele ya mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, na halikujengwa. Mwaka 1999 akapigwa Karura akitetea msitu ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi. Tuzo ya Nobel ya Amani ilikuja 2004. Ukienda Karura Jumapili ukawaona watu wakitembea na watoto wao chini ya miti, hiyo ni faida ya mtaji ambao 1982 hakuna benki ingeukopesha shilingi.

Lakini mimi mhasibu kinachonivutia kuliko tuzo ni jinsi harakati hiyo ilivyowalipa akina mama waliotunza vitalu vya miche. Kila mche ulikuwa na malipo kidogo, ila haukulipiwa mpaka ushike mizizi. Kuchimba shimo peke yake hakukuwa na malipo. Linganisheni na sisi: msimu wa mvua ukianza, wakubwa wanapanda mche mbele ya kamera, wananawa mikono, wanaondoka. Nani hurudi kuukagua kiangazi?

Na si yeye pekee. Eliud Kipchoge, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, alikosa nafasi kwenye timu ya Olimpiki ya London 2012. Wengi wangemfungia daftari hapo. Mwaka uliofuata akaanza marathon.

Nina jambo na baadhi yenu mliomo humu. Mko hapa mliosomeshwa na dada au kaka mkubwa. Yule dada ana miaka arobaini na kitu, anakaa chumba kimoja Umoja, anauza mitumba Gikomba, anaamka alfajiri kuwahi belo. Kwenye sherehe za familia anaulizwa atanunua ploti lini, na wanaouliza ni walewale aliowalipia karo! Kitabu cha familia kina kosa hapo. Karo yenu imeandikwa kama matumizi yake, pesa iliyoliwa ikaisha, kumbe ni mali, imekaa kwenye viti hivi imevaa joho. Nyinyi mkianza kazi, wa kwanza kutia saini kwenye fomu yake muwe nyinyi. Msingoje awaombe, watu wa aina yake hawaombi.

Na yeye pia ana haki ya kuambiwa sasa inatosha. Nimeona watu wema wakimalizika kwa kudhamini kila mwenye machozi. Mdhamini mwenye busara husoma fomu kwanza, na kuna siku husema hapana, na undugu haufi.

Nimebakiwa na dakika chache. Kuna swali? Kijana wa shati la bluu, sema.

Anauliza: je, mwizi wa mali ya umma, mbona ana watu maelfu wa kumtilia saini?

Swali zuri, nilitegemea litoke. Wale hawamdhamini, wamemkopesha mdomo na wanangoja riba. Mdhamini huweka chake. Hao wamefuata kilichotoka kwake. Kipimo ni rahisi kijana, na Kenya tunapata nafasi ya kukitumia kila miaka mitano. Mngoje apoteze kiti, upite mwaka mmoja, kisha uende pale langoni kwake Jumamosi asubuhi uhesabu magari. Kuna nyumba fulani ambazo zamani ulikuwa hupati pa kuegesha, na leo mlinzi anakukaribisha mwenyewe kwa kuwa amechoka kukaa peke yake.

Mama pale nyuma, nimekuona. Uliza.