Bahari Haipimwi kwa Wastani

Ndugu wahadhiri, wanafunzi wa uhandisi, na wageni wetu mliotoka Mtumba, kwenye mji wa Serikali hapa Dodoma, asanteni. Nitalisema lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: kabla mtu hajatutajia megawati za umeme wa mikondo ya bahari yetu, atuonyeshe vipimo vya mwaka mzima, vilivyochukuliwa mahali penyewe, kwenye kina ambacho mtambo utakaa. Hana, basi akae chini.

Chukueni kalamu. Nguvu ya mkondo hufuata kasi kwa kipeo cha tatu, yaani kasi mara kasi mara kasi. Maji yakienda mita 1 kwa sekunde, kila mita ya mraba ya eneo la mapanga ya mtambo hupitiwa na wati 512 hivi. Yakienda mita 2, usiseme elfu moja, ni 4,100. Yakienda nusu mita, zinabaki 64. Na hata hizo hupati zote: kikomo cha Betz, yaani sehemu kubwa kabisa ya nguvu ambayo mapanga yanaweza kuichukua, ni asilimia 59, na mitambo halisi hupata chini ya hapo.

Sasa tazameni mkondo wetu. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima. Kusi likivuma linausukuma, na unaweza kufika mita 2 kwa sekunde. Ikija kaskazi unapingwa, unaweza kushuka hadi nusu mita. Kasi imegawanywa kwa 4, nguvu imegawanywa kwa 64! Halafu mtu anapima Julai na Agosti, anarudi na picha nzuri, anataka tumpigie makofi.

Mwingine atasema, mimi nimechukua wastani wa mwaka. Huyo ndiye anayenikosesha usingizi. Andikeni: mahali pa kwanza maji huenda mita 1 muda wote. Mahali pa pili nusu ya muda ni 0.2, nusu nyingine ni 1.8. Wastani wa kasi ni ule ule, 1. Pigeni vipeo vya tatu kwanza, ndipo mtafute wastani. Pa kwanza mnapata 1, pa pili mnapata 2.92. Karibu mara tatu, na ripoti ya wastani inasema pako sawa! Mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Rudia hesabu, mwanangu, tutakungoja.

Na hapo sijagusa kujaa na kupwa. Nahodha yeyote wa Nungwi anajua maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa sana, si maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Ukipima wiki ya bamvua peke yake umepata jibu ulilolitaka tangu nyumbani.

Ramani za setilaiti je? Zinafaa kuchagua pa kuanzia. Lakini kuzitegemea kwa megawati ni kukadiria kilo za ng'ombe wa mnada wa Msalato ukiwa umesimama barabarani. Setilaiti husoma uso wa bahari, na mtambo unakaa chini ya uso huo. Kinachohitajika ni kipima mkondo cha sauti: unakilaza sakafuni mwa bahari kikitazama juu, kinatoa mlio, kinasikiliza mwangwi wa chembe zinazoelea, kinakupa kasi ya tabaka baada ya tabaka. Betri zibadilishwe, viumbe walioganda wakwanguliwe, wavuvi waelezwe kilipo wasije wakakikokota na nyavu. Ni kazi ya kuchosha, na haina njia ya mkato.

Najua kuna anayewaza: tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, bahari ya nini? Ndugu yangu, visiwa hulishwa umeme kwa nyaya zinazopita chini ya bahari. Waya wa Unguja ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010. Waulizeni waliokuwa wakichota maji kwa ndoo kwa sababu pampu zilikufa. Na anayesema Dodoma hakuna bahari, mimi namjibu kwamba bajeti ya kupima inapitishwa hapa hapa, wala haipitishwi Mafia.

Naonyeshwa saa. Haraka basi: kati ya Pemba na Tanga maji yana kina cha mamia ya mita, nanga peke yake ni mradi. Mafia kuna hifadhi ya bahari, wenyeji washirikishwe kabla ya meli ya utafiti kufika. Scotland mradi wa MeyGen ulianza na mitambo minne ya megawati 1.5, kwa hiyo msianze na mia. Suala la kutu na gharama nilitaka kulifafanua, sitaweza. Karibuni maswali, na mwenye swali la kasi aje na tarehe za vipimo vyake.