Tughril Hakuzaa

Nimelisema hili hadi koo limekauka: nasaba ya Waseljuki, ukoo wa Kituruki uliotawala Iran, Iraq na Anatolia karne ya 11 na ya 12, si kamba ya ndoo, baba juu, mwana chini. Kuna mchoro wa nasaba mnaosambaziana, kila jina mtoto wa lililo juu yake: Seljuk, Mikail, Tughril, Alp Arslan. Nikiuona tena nitauchana. Tughril hakuzaa! Alp Arslan ni mtoto wa nduguye, Chaghri.

Mzee Seljuk mwenyewe mnamjua, Mturuki wa kabila la Oghuz aliyehamia mji wa Jand, Asia ya Kati, na kusilimu. Wanawe ni Mikail, Israil, Musa. Haya, najua kuna aliyeanza kunong'ona kwamba hayo ni majina ya Kiyahudi, basi nao walikuwa Wayahudi. Ndugu yangu, mtaani kwetu nina akina Musa wanne, na ijumaa tunabanana nao safu moja. Jina tupu si ushahidi. Tuendelee.

Mikail alikufa mapema, akawaacha Tughril na Chaghri. Ami yao Israil alikamatwa na Mahmud, sultani wa Ghazni (Afghanistan ya leo), akafia gerezani India. Hapo ndipo kidonda kilipo, shikeni hapo. Mtoto wa Israil, Qutalmish, aliwaona watoto wa Mikail wakimshinda mwana wa Mahmud vitani pale Dandanaqan, 1040, kisha Tughril akiingia Baghdad 1055. Na kwa Waturuki wale utawala ulikuwa mali ya ukoo mzima, haukuwa wa baba na mwanawe. Sasa wewe ungekuwa Qutalmish ungenyamaza?

Chaghri akafa. Tughril akamrithi mjane wake, na mtoto wa mjane yule, Suleiman, ndiye akatajwa mrithi. (Mnacheka? Kwenu hayatokei?) Tughril alipofariki 1063, Alp Arslan, mtoto mwingine wa Chaghri, akamsukuma Suleiman pembeni. Qutalmish naye akainuka na jeshi lake, akashindwa karibu na Rayy, jirani na Tehran ya leo, akafa.

Wanawe wakaponea chupuchupu. Inasimuliwa kuwa Alp Arslan alitaka kuwaua, waziri wake Nizam al-Mulk akamzuia. Mmoja wao, Suleiman pia, msimchanganye na yule wa kwanza, akaibukia Anatolia, Uturuki ya leo, akautwaa mji wa Nikaia, akaanzisha huko usultani wa Rum. Huyu ndiye mnayemkata kwenye mchoro wenu! Sanjar, sultani mkubwa wa mwisho wa uzao wa Chaghri, alikufa 1157. Tawi la Iraq na Iran ya magharibi likazimika 1194. Wazao wa Qutalmish, yule muasi, walikuwa bado wanatawala Rum kutoka mji wa Konya, na waliendelea zaidi ya miaka mia.

Vita vya Manzikert, Alp Arslan alipowashinda Warumi wa Bizanti, sitavigusa, kila mtu anavihubiri. Malik Shah, mwana na mrithi wa Alp Arslan, na ugomvi wa wanawe, siku nyingine, maana mwenyekiti ananionyesha saa. Tawi la Kerman, kusini mwa Iran, kwa pumzi moja: Qavurt, ndugu wa Alp Arslan, alimwasi Malik Shah, akauawa 1073. Watoto wake wakarudishiwa Kerman, wakaikalia hadi karne iliyofuata. Nao kwenye mchoro hawamo.