Kamera Yenye Adabu: Filamu za Burkina Faso kwa Jicho la Mtazamaji

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niseme machache kabla taa hazijazimwa. Nitazungumza kama mtazamaji, mtu aliyezipenda filamu za Burkina Faso na anayetamani na wengine wazipende.

Nchi yenyewe haina bahari, haina utajiri wa kujivunia, na kwa eneo haifiki theluthi ya Tanzania. Lakini tangu 1969 mji wake mkuu, Ouagadougou, ndio nyumbani kwa FESPACO, tamasha linalokusanya filamu za Afrika nzima. Na mwaka 1970, nchi ikiwa bado inaitwa Volta ya Juu, serikali ilitaifisha majumba ya sinema yaliyokuwa mikononi mwa makampuni ya kigeni, kisha sehemu ya mapato ya tiketi ikatengwa kutengenezea filamu za nyumbani. Fikirini maana yake: mtu amelipa kiingilio aone filamu iliyotoka ng'ambo, na senti zake kadhaa zinakwenda kugharamia filamu itakayozungumza lugha ya mama yake. Baadaye kikaanzishwa chuo cha filamu hapo hapo Ouagadougou. Mmoja wa waliosoma pale ni mwongozaji Idrissa Ouédraogo, na huyu ndiye ninayetaka tukae naye kidogo.

Ninachokipenda katika filamu zake ni adabu ya kamera. Inakaa kama mgeni aliyekaribishwa barazani: inaona, inasikia, lakini haijipeleki chumbani. Watu wakigombana, haiwakimbilii usoni kuhesabu machozi. Inasimama mbali kidogo, uone na ukuta wa udongo, na njia, na mtoto aliyesimama pembeni akisikiliza ugomvi wa wakubwa. Mtu akitembea kuja kwetu, anaachwa atembee mpaka afike. Wapo wanaochoka na mwendo huo, nami siwalaumu. Tumezoeshwa picha zinazokatwakatwa kila sekunde mbili. Ila ukivumilia, unaanza kuona mambo ambayo haraka ingeyapita.

Chukueni *Yaaba*, ya mwaka 1989. Bila ni mtoto wa kiume, na kijijini kwao kuna bikizee mmoja, Sana, anayeishi peke yake kwa kuwa watu wamemwita mchawi. Bila anamzoea, anamwita bibi. Anaiba kuku ampelekee, wanakula pamoja. Hakuna muziki wa kutuamrisha tulie, wala hakuna mtu anayetoa hotuba kuhusu ubaya wa kuwatenga wazee. Tunachoonyeshwa ni mtoto na mzee wanakula, na mzee ambaye hajala na mtu siku nyingi. Binamu yake Bila, Nopoko, anapougua, ni huyo huyo bikizee anayetoka kwenda kumtafuta mganga. Kijijini pia kuna mwanamke, mke wa mlevi, anayetoka nje ya ndoa. Watoto wanataka kumcheka. Bibi anawaambia wasimhukumu, huenda ana sababu zake. Basi. Filamu haimtetei mwanamke yule wala haimchomi. Inamwachia siri yake. Kwangu mimi hapo ndipo penye utu wa filamu nzima, na nimeona filamu nyingi za fedha nyingi zisizothubutu kufanya hivyo.

Mwaka uliofuata akatoa *Tilaï*, ikapewa Tuzo Kuu ya Jopo kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Saga anarudi kijijini baada ya miaka miwili na kukuta baba yake amemwoa mchumba wake, Nogma. Wawili hao wanaendelea kupendana, na kwa sheria ya pale hilo ni kosa la kifo. Kazi ya kumuua Saga inaangukia kwa ndugu yake, Kougri, naye anamwacha akimbie. Sitawaambia mwisho. Niseme tu kwamba hakuna mbaya wa kumnyooshea kidole ukapumua. Kila mmoja, hata baba, anasimama palipo na haki kwa jinsi alivyolelewa, na maafa yanatokea hivyo hivyo. Muziki ni wa Abdullah Ibrahim wa Afrika Kusini, nao unakuja mara chache, kwa kiasi.

Wapo waliosema kwamba filamu hizi zilitengenezewa Wazungu, kwa sababu kweli fedha nyingine zilitoka Ulaya, na vijiji vinaonekana kama havina tarehe. Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipuuza. Lakini mimi nikizitazama naona maamkizi marefu, naona jirani anavyoingilia mambo ya jirani, naona mtoto anavyojifanya hasikii. Mambo hayo hayakuwekwa pale kumfurahisha mgeni. Ni mtu aliyekulia ndani yake ndiye anayejua yanachukua muda gani.

Na kazi haijaisha. Mwaka 2025 tuzo kuu ya FESPACO ilikwenda kwa Dani Kouyaté, Mburkinabe, kwa filamu *Katanga*, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kabla ya hapo, mara ya mwisho tuzo hiyo kubaki nyumbani ilikuwa 1997, na aliyeichukua wakati huo ni Gaston Kaboré, kwa *Buud Yam*.

Usiku huu tunatazama filamu yake Kaboré ya kwanza ndefu, *Wend Kuuni*, ya 1982. Mchuuzi anamkuta mtoto amezimia porini. Mtoto hasemi. Anapelekwa kijiji cha jirani, familia moja inamchukua. Miaka kumi na tano baadaye mwigizaji yule yule, Serge Yanogo, akiwa kijana mkubwa, alirudi kuigiza mtu yule yule katika *Buud Yam*, kwa hiyo angalieni sura yake vizuri. Na mwangalieni dada yake wa kulelewa, Pognéré, hasa anapokuwa amekaa tu. Filamu ina dakika 75. Maswali tutayapokea ikimalizika.