Huck Finn, watoro wa Malindi, na dhamiri iliyolelewa vibaya

MWANAISHA: Asalaam aleikum, karibuni tena. Mimi Mwanaisha, niko na Kahindi hapa Malindi kama kawaida, na leo tunaye kijana mmoja wa Marekani ambaye hanitoki kichwani: Huckleberry Finn, wa Mark Twain. Kahindi, wape kisa wale ambao hawajakisoma, lakini kwa ufupi.

KAHINDI: Kitabu kilitoka Uingereza Desemba 1884, Marekani Februari 1885. Mambo yenyewe ni ya miaka arobaini au hamsini kabla ya hapo, utumwa ukiwa halali katika jimbo la Missouri. Huck ni mvulana wa miaka kama kumi na tatu, kumi na nne hivi, babake mlevi na anampiga. Anatoroka. Mafichoni anakutana na Jim, mtumwa wa Bi Watson, naye katoroka baada ya kusikia yuko karibu kuuzwa New Orleans kwa dola 800. Wanateremka Mto Mississippi juu ya chelezo cha mbao. Usiku wanasafiri, mchana wanajificha.

MWANAISHA: Sasa, watu wengi hukihadithia hivi: kijana ni mwema, jamii ni mbaya, kijana kaiasi jamii. Mimi nakataa. Huck hakuwahi kufikiri kwamba utumwa ni mbaya. Soma kitabu chote, hutapata mahali anapolisema hilo. Anaamini kabisa kwamba kumsaidia Jim ni wizi, na kwamba Bi Watson, ambaye hakumkosea kitu, anaibiwa mali yake.

KAHINDI: Hapo ndipo hofu huniingia, dada. Jim anamwambia akishakuwa huru atafanya kazi aweke pesa amnunue mkewe, kisha wote wawili wawanunue watoto wao. Na bwana wao akikataa kuwauza, atatafuta mtu wa kwenda kuwaiba. Huck anasisimka mwili. Anamwona Jim hana haya: anataka kuiba watoto wa mtu ambaye hata hajawakosea. Watoto wa Jim mwenyewe, damu yake! Lakini kwa Huck hao ni wa yule mwenye shamba.

MWANAISHA: Na anashika mtumbwi kwenda kumsaliti.

KAHINDI: Anashika mtumbwi. Anakutana na wanaume wawili wenye bunduki, wanatafuta watoro. Wanamuuliza: mtu wako pale kwenye chelezo ni mweupe au mweusi? Jibu linamkwama kooni, halafu anasema mweupe. Anajifanya anawasihi waje wamsaidie kumvuta babake mgonjwa, mpaka wao wenyewe wanashuku ni ndui. Wanarudi nyuma mbio, wanamwachia dola 20 za dhahabu kila mmoja juu ya kipande cha ubao ili wasimsogelee. Huck anabaki pale akijiona ameshindwa kutenda haki. Hajipongezi hata kidogo.

MWANAISHA: Haya, sasa sikiliza jambo linaloninyima usingizi. Sisi tumelelewa na hadithi ya Mtume, sala na amani zimshukie: dhambi ni kile kinachokukera kifuani nawe ukachukia watu wakijue. Mama zetu wametufundisha hiyo tungali wadogo. Sasa mtazame Huck. Kinachomkera kifuani ni wema! Anachochukia watu wakijue kule kijijini kwao ni kwamba alimsaidia Jim. Kifua chake kinamlaumu kwa jambo bora kuliko yote aliyowahi kufanya.

KAHINDI: Kwa hiyo hadithi haimfai Huck?

MWANAISHA: La, sisemi hivyo, Mungu aniepushe. Nasema kifua nacho hulelewa. Ukikipa tangu utotoni ubaya kwa jina la wema, kitakukera mahali pasipo pake. Mashekhe hupenda kusema hadithi ile inazungumza na moyo uliosalimika. Ule wa Huck ulisalimika, lakini juu yake watu walikuwa wameujaza mafunzo yao. Twain mwenyewe alikieleza kitabu chake karibu hivyo: moyo mzima umegongana na dhamiri iliyolemaa, na dhamiri ndiyo iliyoshindwa.

KAHINDI: Na mimi kama mtu wa kanisani, kuna mahali pananichoma. Sura ya 31, Jim amekwisha uzwa kwa dola 40 na mmoja wa matapeli wawili waliojiunga nao safarini. Huck anajiambia: shule ya Jumapili ilikuwepo, ungekwenda wangekufundisha kwamba afanyaye haya huenda kwenye moto wa milele. Kanisa ndilo lililokuwa likifundisha hivyo. Anajaribu kusali, maneno hayatoki. Anaandika barua kwa Bi Watson kumwambia Jim aliko, na mara moja anajisikia msafi, ametakasika. Halafu, kabla hajasali, anaanza kumkumbuka Jim. Jinsi zamu ya Huck ya kukesha ilipofika, Jim hakumwamsha. Alikesha zamu zote mbili ili mtoto alale. Anaishika ile karatasi, anatetemeka, anabana pumzi. Anajiambia basi, nitakwenda motoni. Anaichana.

MWANAISHA: Na alimaanisha moto wa kweli. Hapo watu huteleza, husoma kana kwamba anajigamba. Mtoto yule ameuchagua moto kwa hakika, kwa sababu ya mtu mmoja aliyemwacha alale.

KAHINDI: Na sisi tusikae tukiwasema Wamarekani tu. Hapa hapa Malindi, miaka ile kitabu kinaandikwa, mashamba ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa. Sultan Barghash wa Zanzibar alikubali kufunga masoko ya watumwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria pwani yetu hadi 1907. Watoro walikimbilia bara, Fuladoyo, wengine Witu. Na wapo Wagiriama waliowaficha, na wapo waliowarudisha kwa mabwana zao. Nasema hili kwa sababu hao ni wazee wangu.

MWANAISHA: Na wangu walikuwa upande wa wenye mashamba, Kahindi. Muungwana wa wakati ule, msali, mtoa zaka, aliyepata habari ya mtoro akamwarifu bwana wake, usiku alilala vizuri. Ndivyo ninavyowaza. Majirani wangemsifu kwa uaminifu.

KAHINDI: Leo hayo yako wapi?

MWANAISHA: Wewe unajua kuliko mimi. Sema.

KAHINDI: Wazee wenye mvi. Mtu akifa ghafla bomani, au mtoto akiugua ugonjwa usioeleweka, babu anaitwa mchawi. Mara nyingi nyuma yake kuna shamba la kugawana. Wazee wanauawa katika kaunti yetu ya Kilifi, na wengine wamekimbilia kituo cha kuwahifadhi hapa mjini. Kuna kijana aliyenisimulia yake. Alitumwa na baba zake wadogo akamlete babu kutoka mangweni, pale wanapokunywa mnazi, jioni, aje kikaoni. Akajua kikao ni cha nini. Akamfikia babu, akampakia bodaboda, wakaja Malindi. Nyumbani akasema hakumkuta.

MWANAISHA: Lahaula. Na sasa anajisikiaje?

KAHINDI: Hilo ndilo nilitaka ulisikie. Anajisikia mwizi! Mpaka leo anaamini uchawi upo, na hana hakika babu hakuhusika. Mtoto akipata homa pale bomani, yeye anajiuliza kama amewaletea. Alidanganya baba zake, aliuvunja ukoo. Nikamuuliza, mbona ulifanya? Akaniambia babu ndiye aliyekuwa akimvusha mto kwa mabega kwenda shule, mvua zikinyesha.

MWANAISHA: Unaona? Jim aliyekesha zamu mbili. Hakuna hoja pale, kuna mtu.

KAHINDI: Sawa, lakini hapa nakupinga. Ukisema kila mtu afuate moyo, basi baba zake wadogo nao wanafuata mioyo yao, wanamlilia mtoto wao aliyekufa. Babake Huck alifuata moyo wake mpaka kwenye chupa.

MWANAISHA: Sikusema moyo wa kila mtu kila wakati. Nasema mtu akikuambia wema ni kumkabidhi mtu fulani, kwanza kumbuka mtu huyo amekufanyia nini kwa mikono yake. Huck alifanya hivyo kwa dakika chache, karatasi ikiwa mkononi. Baba wadogo wa kijana wako hawakufanya. Babu aliwavusha wao pia, nina hakika.

KAHINDI: Aliwavusha. Kijana alisema hivyo.

MWANAISHA: Basi. Wasikilizaji, someni sura ya 16 na ya 31 kabla ya wiki ijayo, tutazisoma hapa kwa sauti. Na kama kwenu kuna mzee ambaye jina lake limeanza kutajwa vikaoni, msingoje wiki ijayo. Mwondoeni mapema.