Namna ya kupima athari za unga wa chokaa katika polietilini

Watazamaji wapenzi, katika video hii tutachanganya polietilini ya densiti kubwa, ile inayotengenezewa ndoo na mabomba, na unga laini wa kalsiamu kaboneti, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa. Kisha tutapima jinsi kijazio hicho kinavyobadilisha mtiririko wa plastiki iliyoyeyuka na uimara wake ikishapoa. Vaeni barakoa ya vumbi, miwani na glavu za kuhimili joto.

Kwanza, kausheni unga katika tanuri kwa nyuzi joto 105 za Selsiasi hadi uzito wake usipungue tena. Polietilini hainywi maji kwa kiasi cha kutusumbua, lakini unga hushika unyevu, na unyevu ukigeuka mvuke ndani ya mashine huacha viputo ambavyo baadaye vitakata vipande vyenu mahali pasipostahili.

Pili, pimeni mafungu manne yenye unga wa asilimia 0, 10, 20 na 30 kwa uzito. Hapa naomba tutulie, kwa sababu ndipo hesabu nyingi zinapopotoka. Densiti ya polietilini yetu ni takriban gramu 0.95 kwa sentimita ya ujazo, na ya chokaa ni 2.7; kwa hiyo katika gramu 100 za fungu la mwisho, gramu 70 za plastiki zinachukua sentimita za ujazo 73.7, ilhali gramu 30 za unga zinachukua 11.1 tu. Asilimia 30 ya uzito ni kama asilimia 13 ya ujazo, na plastiki huitikia ujazo. Mwenye kiwanda naye ajue kwamba densiti ya mchanganyiko huo inafika 1.18, hivyo ndoo ya ukubwa uleule itakuwa nzito zaidi kwa karibu robo, na sehemu ya fedha aliyodhani ameiokoa kwa kununua unga wa bei nafuu itapotea.

Tatu, pitisheni kila fungu katika mashine ya parafujo mbili kwa nyuzi 180 hivi. Fungu lisilo na unga nalo lazima lipite, kwani joto na msuguano wa mashine pekee vinaweza kubadilisha mtiririko, nasi hatutaki kuusingizia unga. Tumieni unga uliopakwa asidi ya steariki, aina ya asidi ya mafuta: haugandamani mabonge kwa urahisi, na mchanganyiko hutiririka vizuri kuliko wa unga usiopakwa.

Nne, pimeni mtiririko. Kwa kufuata kiwango cha ISO 1133, jazeni silinda ya kipimio kwa nyuzi 190, wekeni uzani wa kilo 2.16 juu ya pistoni, na mkusanye plastiki inayotoka katika tundu la milimita 2.095. Matokeo kwa kawaida huandikwa kwa gramu kwa dakika 10, lakini kwa kuwa mchanganyiko una densiti kubwa zaidi, gramu huficha sehemu ya upungufu wa mtiririko. Andikeni pia sentimita za ujazo kwa dakika 10. Kanuni ya Einstein, inayohusu chembe za mviringo zilizo mbali moja na nyingine, inakadiria kwamba ujazo wa asilimia 13 huongeza mnato, yaani ukinzani wa kutiririka, kwa karibu theluthi. Tarajieni ongezeko kubwa kuliko hilo, maana chembe zetu zinakaribiana na kuzuiana.

Tano, tengenezeni bamba kwa mashine ya kugandamiza, mkate vipande vyembamba katikati na vipana kwenye ncha mbili, angalau vitano kwa kila fungu, na mviache kwenye nyuzi 23 kabla ya kuvivuta. Mtaona ukakamavu ukipanda kadiri unga unavyoongezeka, huku urefu ambao kipande hunyooka kabla ya kukatika ukipungua sana. Nguvu ya kuhimili kuvutwa nayo aghalabu hushuka kidogo, kwa kuwa mpako wa asidi ya steariki unaosaidia mtiririko haushikamanishi chembe na plastiki, nazo huachana inapovutwa.

Msikate tamaa mkiona hivyo, bali pimeni pia uwezo wa kuhimili pigo. Chembe zikiwa laini na zimesambaa sawasawa, kuachana huko huruhusu plastiki iliyo kati yake kunyumbulika na kumeza nishati, na mchanganyiko unaweza kuhimili pigo kuliko polietilini tupu. Zikiwa zimegandamana mabonge, ufa huanzia hapohapo kwenye bonge.